Maji Niliyolipa Hayakuandikwa Dukani

Mpendwa mshauri, naomba msaada, na shikamoo kama umenizidi miaka, kama hujanizidi basi marahaba. Mkono wangu mzito, nilisoma miezi minne tu wakati wa Mjerumani, lakini naandika mwenyewe maana sitaki karani ajue, na jina langu usilichape, mimi mtu mkubwa hapa milimani, nilibeba mizigo ya vita ile ya kwanza mpaka Rufiji na nikarudi, na waliorudi tulikuwa wachache.

Mwanangu Hezroni yuko vitani Bama, ng'ambo ya bahari, na jeshi la Keya la Mwingereza, ni koplo. Kila mwezi mkewe Rogathe anashuka bomani Same kupokea fungu la mshahara wake, halafu anapita kwa Sharifa, mwenye duka karibu na stesheni, ambaye ana daftari lenye ukurasa wa kila askari, Rogathe anakopa chumvi na mafuta ya taa na mwisho wa mwezi analipa, hajakosa hata mara moja. Sasa mimi baba wa koplo niliona haya kwenda kanisani na blanketi, nikachukua koti jeusi, nikasema andika kwa Hezroni, akaandika. Barua yake ya Krismasi ilipofika nikaalika wazee, nikachukua sukari na mchele na tumbaku, andika kwa Hezroni, akaandika, na karamu ile wazee wanaisimulia mpaka leo.

Lakini nililipa, mshauri! Zamani duka lilikuwa la marehemu baba yake Sharifa, aliyekuja na punda wawili kutoka Makanya, hakuwa na daftari, alikuwa na kamba ya katani, ukikopa anafunga fundo lako, na ukikosa fedha unafungulia maji ya zamu yako kutoka ndiva, lile bwawa letu la juu, yateremke mpaka shamba lake la mahindi, asubuhi akikuta udongo umelowa anafungua fundo na hakuna anayesema neno, mkikutana njiani mnacheka tu. Nikikumbuka harufu ya udongo ule, na mzee yule anavyopita mferejini viatu mkononi, machozi yananilenga. Basi na mimi nikampa Sharifa zamu zangu tatu, mahindi yake yakasimama ya wenzake yakikauka, maharage yangu mwenyewe yakafa, nikanyamaza kama desturi.

Jumamosi iliyopita nimekaa barazani pale dukani nasimulia habari za Hezroni, Rogathe akaja kuchukua mafuta. Sharifa akamwambia mbele ya watu, "Mama Anaeli, ukurasa wenu nimeupiga mstari."

"Kwani mimi nimekosa mwezi gani, dada?"

"Wewe hujakosa. Muulize mwenye koti."

Nikasimama. Nikasema, "Binti, baba yako asingenitenda hivi."

"Shikamoo, baba," akasema. "Baba yangu alikufa anadaiwa Tanga, nimelipa mimi miaka sita. Na ile cherehani niliyomwahidi Hezroni aje aichukue kwa mkopo akirudi, sitoi."

Rogathe akapanda mlima, chupa tupu mkononi. Hezroni ameandika atarudi kabla ya vuli, na tangu aondoke hesabu yake yote ni hiyo cherehani. Kwenda kumbembeleza mtoto niliyemwona akinyonya, siwezi. Je, nimshtaki kwa Bwana Shauri, yule Mzungu wa bomani?

Mimi, Baba wa Koplo

JIBU

Shikamoo, mzee wangu, umenizidi. Sasa vumilia, maana nitasema.

Kwa Bwana Shauri usiende. Utamwambia nini, kwamba umelipa na mdai hukumwambia? Maji yale nakuamini. Hata marehemu baba yangu alikopa kwa fundo, na kamba ile naikumbuka ikining'inia mlangoni, nasi watoto tukikatazwa kuigusa. Lakini mzee wa viatu mkononi alikuwa akisoma udongo. Bintiye anasoma daftari. Alidhani mwaka umemwendea vizuri, basi.

Na hata angejua, kosa lako la kwanza liko pale pale. Hukukopa wewe. Amekopa mtu aliye Bama, analala matopeni akijua nyuma yake jina lake liko safi, kwa kuwa mkewe analilinda kila mwisho wa mwezi. Wewe umelivaa kwenda nalo kanisani.

Shuka na mzee anayegawa zamu za ndiva, azitaje siku zile tatu. Sharifa mwenyewe apime maji yale yana thamani gani, nawe usibishe. Kinachobaki lipa kwa mbuzi wako, fungu la Rogathe usiliguse. Kisha papo hapo barazani, mbele ya watu wale wale, sema kwa sauti: kwa Hezroni anaandikisha Rogathe peke yake. Sharifa akuandikie karatasi kwamba deni limekwisha, tarehe na sahihi, Rogathe aiweke pamoja na barua za mumewe. Cherehani itazungumzwa baada ya hapo, si kabla. Kubembeleza hakuna aliyekuomba. Mtoto yule alikuamkia hata alipokuwa anakufungia ukurasa. Na mwanao mwandikie wewe, kwa mkono huo huo mzito, asije akayasikia njiani.

La mwisho. Uliniomba nisichape jina lako. La mwanao umeliandika kila mahali, na hukuniomba nilifiche, ilhali gazeti hili askari wanalisoma mpaka huko Bama. Nimelifuta, hapa gazetini nikamwita Hezroni, na majina ya wengine nayo nimeyabadili. Jina lake halisi nimelikunja ndani ya barua yako ninayokurudishia, mzee. Mrudishie likiwa safi.