Nyuso za Toleo la Mwisho la Zarambo

Chumba cha juu, nyuma ya kiwanda cha chapa,
Mlango wa kijani.
Jumapili, 9 Juni

Mpendwa mdogo wangu Nukta,

Salamu nyingi kutoka kwetu, na pole na kazi. U hali gani? Ule mgongo uliokuwa ukikusumbua umetulia? Unakula chakula cha maana, au bado ni yale maisha yako ya chai na mkate asubuhi, mchana na jioni? Unalala vizuri? Naomba barua hii ikukute mzima, maana sisi huku hatuna tena nafasi ya habari nyingine ya ugonjwa.

Sisi tupo. Mama anakula kidogo na kusema kidogo zaidi. Jicho lake la kulia limefumba kabisa, la kushoto linaona ukimsogezea kitu karibu na pua. Mimi magoti yananikumbusha umri wangu kila nikipanda ngazi. Paka wa Kaka bado analala juu ya meza ya kuchorea, na hakuna mwenye moyo wa kumfukuza.

Nakuandikia kwenye karatasi kwa sababu simu yako inaita mpaka inachoka. Ule ujumbe wa msiba niliokutumia ulionyesha kwamba umeusoma. Nikakaa nikiutazama kama mtu anayesubiri maji yachemke kwenye jiko lisilowashwa. Sikufichi, nilikasirika. Siku ya mazishi hasira ilinikaba hata kulia sikuweza. Sasa imepungua, haijaisha. Lakini barua haina alama ya kuniambia umeisoma, kwa hiyo isome kwa amani.

Kaka tumemlaza ubavuni mwa Baba. Watu walikuja wengi kuliko tulivyotegemea, na wengi wao hatuwajui. Wengine walikuja na matoleo ya zamani ya katuni yetu ya Zarambo wameyakunja mifukoni. Fundi friji mmoja, mtu mzima na kitambi chake, alinishika mkono akaniambia alijifunza kusoma kwa herufi zangu. Nilimshukuru, kisha nikaenda kusimama nyuma ya gari peke yangu.

Najua utataka kuuliza kama aliumia. Aliumia. Kifua kilimbana wiki kadhaa na yeye akawa mbishi, hataki hospitali mpaka amalize toleo la mwisho. Tulipombeba kwa nguvu alikuwa amechelewa. Daktari alisema ni mapafu, miaka yote ile ya kuvuta hewa ya petroli akiosha mashine. Alifumba macho mchana, mimi nikiwa nimetoka kumtafutia maji ya moto. Usisubiri nikuletee maneno ya mwisho, hakuna. La mwisho aliloniambia ni kwamba shuka limekunjamana chini ya mgongo wake.

Sasa nigeukie habari ya Zarambo, maana nasikia mpaka huko watu wanavaa fulana zake, na najua unayosikia yametiwa chumvi. Wewe ulikuwa mdogo, mengine yalikupita.

Zarambo, Mlinzi wa Lango la Nane, alizaliwa kwenye karatasi za sabuni. Bwana Mashine, mwenye kiwanda hapo chini, alikuwa akichapa karatasi za kufungia sabuni, na kila mwisho wa kazi yalibaki mabaki ya karatasi na wino wa kijani kwenye kopo. Kaka alikuwa mwosha mashine wake. Akaomba mabaki. Ndiyo maana askari wetu kutoka sayari nyingine ni wa kijani kuanzia kofia ya chuma hadi ukucha wa mguu. Kuna msomi aliandika gazetini kwamba ule ukijani ni ishara ya uhai unaokataa kufa. Ulikuwa ukijani wa sabuni ya kufulia.

Nikukumbushe pia namna alivyofanya kazi, kwa sababu hapo ndipo shida yetu ilipo. Kaka alichora nyumba, miti, mikono na miguu ya watu wote kwanza. Akapiga wino. Akanipa mimi niandike maneno. Nyuso alizibakiza mwisho kabisa, akazichora zote kwa mkao mmoja. Alisema uso ukishauchora unaanza kukutazama, na mkono unaona haya. Zarambo hakumpa shida hiyo, maana havui kofia yake ya chuma. Na siku ya nyuso alianza na wako daima, yule mtoto aliyemkuta Zarambo ameangukia ndani ya tangi la maji. Alikuwa akisema, Nukta kwanza, wengine watajipanga.

Unakumbuka kituko cha toleo la nne? Mpiga chapa wa kiwandani alilaza filamu za picha, zile plastiki za kuchapia, uso chini, mgongo juu, na kwa kuwa maneno yangu yalikuwa kwenye filamu yake peke yake, maneno yakatoka sawa na picha zote zikatoka kinyume. Mkuki wa Zarambo ukahamia mkono wa kushoto. Bwana Mashine alitaka kuchoma mzigo mzima. Kaka akamtuliza, akaenda kuketi, na toleo la tano likafunguka kwa Zarambo kuvunjika mkono wa kulia akimwokoa mtu kisimani. Tangu hapo akawa wa kushoto moja kwa moja. Mpiga chapa anampenda Kaka mpaka leo kwa ajili ya jambo lile. Kosa la mtu likimfikia Kaka lilikuwa linageuka hadithi, na mwenye kosa anapona.

Baadaye karatasi ziliadimika, Zarambo akapunguzwa mpaka akawa mdogo kama kitabu cha hesabu za kuzidisha, na mimi nikaumiza macho kuandika herufi za ukubwa wa chawa. Bwana Mashine alipofariki, kiwanda kilifungwa na Zarambo akalala miaka. Aliyemwamsha ni yule mume wa binti yake, ambaye sisi tunamwita Mkwe tu. Alileta kompyuta, akaleta rangi zote, akamwachisha kazi mpiga chapa. Kaka alimkubalia kila kitu isipokuwa jambo moja: siku ya Zarambo kuondoka, atamwondoa yeye mwenyewe kwa mkono wake.

Ulipohama, na Nukta wa kwenye katuni alihama. Wasomaji walilalamika sana. Walikuzoea, walikuona ukiota meno, ukienda shule, ukirefuka, maana Kaka kila mwaka alikuchora ulivyo. Akawajibu kwa neno moja tu, nyuma ya jalada: Atarudi.

Toleo la mwisho ndilo hilo la kurudi. Ni la huzuni, nikuambie mapema. Zarambo anapata habari kwamba sayari yake iliungua zamani, hakuna aliyebaki, na lango alilokuwa akililinda limesimama peke yake halina ukuta kushoto wala kulia. Hata hivyo anaamua kwenda kushika zamu yake. Ukurasa wa mwisho watu wote wamekuja kumuaga pale kwenye tangi, na Nukta amerudi, amesimama mbele.

Kwa ajili ya ukurasa huo Kaka alikuomba picha. Najua unakumbuka, kwa sababu ulijibu. Uliandika, nitatuma. Alingoja. Kila akisikia simu yangu ikilia alikuwa anainua kichwa. Nikamwambia achore nyuso za wengine kwanza, akanitazama kama niliyemwambia aanze nyumba kwa paa. Kifua kikazidi, na karatasi zikabaki mezani zimekauka wino, maneno yangu yamekaa mahali pake, na watu wote hawana macho, pua wala midomo.

Tukiwa hospitali, Mkwe alikuja. Binamu aliyekuwa akilinda nyumba akamfungulia. Mkwe alikuta kazi imepangwa vizuri mezani, akaona maneno yameshaandikwa, akajua imekwisha. Akaibeba. Angekuwepo mpiga chapa angepiga ukelele tangu ukurasa wa kwanza, lakini kwenye ile kompyuta walikuwa vijana ambao hawajawahi kumwona Kaka akifanya kazi. Likachapwa hivyo hivyo. Siku tunatoka makaburini, likawa linauzwa barabarani.

Nukta, watu wamelipenda. Hicho ndicho kinachoniua. Wanasema msanii alikuwa anatuaga, kwamba mgeni anapoondoka anaanza kusahau nyuso zetu. Wanasema mengi na mengine ni mazuri mno, mpaka najiuliza kwa nini yananichefua. Yananichefua kwa sababu hakusahau uso wa mtu. Alikuwa anasubiri mmoja.

Nilishuka kwa Mkwe. Akanikaribisha kiti, sikukaa.

"Dada, wateja wanalitaka hivyo hivyo," akasema. "Tunachapa mara ya pili. Kwa nini tuharibu?"

"Mama yangu amesimama ukurasa wa mwisho hana pua wala mdomo, na wewe unaniambia wateja."

Si mtu mbaya, ni mtu wa haraka. Mwishowe tulikubaliana hivi: nikimletea nyuso kabla ya mwisho wa mwezi, chapa ya pili itatoka na nyuso. Lakini hatachapa kichwa kitupu kimoja katikati ya nyuso nzima, kwa sababu hapo kila mtu ataona ni kosa. Kitakachobaki kitupu, kijana wake wa kompyuta atakijaza na uso wowote.

Basi nimekuwa mchoraji uzeeni. Mkono wangu ni wa herufi, unaujua, lakini nimekaa mbele ya meza ile miaka mingi na macho yangu hayakuwa yamelala. Mama ndiye anayenielekeza. Namsogezea ukurasa kwenye jicho lake zima, naye anawatambua watu kwa mabega na miguu. Huyu ni mshona viatu, angalia alivyobonyea. Huyu ni baba yenu, nani mwingine anashika kiuno hivyo? Nikampata Baba, nikampata mshona viatu, nikampata mpiga chapa aliyewekwa karibu kabisa na Zarambo. Mama nilimchora akiwa amekaa mbele yangu, akalalamika nimemzeesha. Si Kaka, lakini ni wao.

Wako nilijaribu kwa ile picha yako ya kuondokea. Nilijaribu tena na tena. Nikampelekea Mama. Akaushika ukurasa muda mrefu, akaniambia, "Huyu si yeye. Huyu alishaondoka." Nikafuta. Ni kweli, kilikuwa kichwa cha kijana kwenye mwili wa mtu mzima.

Sasa nikuambie kuhusu huo mwili, maana ndiyo sababu hasa ya kuchukua kalamu. Barua hii inaletwa na jirani yetu dereva wa malori. Yeye ndiye aliyekuona mwaka jana, kwenye geti unalolinda huko uliko, usiku ukiwa umevaa sare za ulinzi. Ulimfungulia lori lake lipite na hukumtambua, au ulijifanya. Wewe ulituambia uko ofisini, unachora ramani za majengo. Dereva hakulisema kwa ubaya, wala hakumwambia mtu mwingine, alimwambia Kaka tu, na Kaka akaniambia mimi.

Nilisikitika, nakiri, kwa sababu ya ule uongo. Kaka hakusikitika. Alicheka mpaka akakohoa, kisha akachukua penseli. Amekuchora na sare, Nukta. Shati lenye mifuko miwili, tochi kiunoni, buti. Amekunyoosha vizuri kuliko watu wote ukurasani, na Zarambo amekugeukia wewe peke yako, mkuki mkono wa kushoto, na ule wa kulia uliovunjika ameunyanyua mpaka kwenye kofia yake. Anakupigia saluti. Umesahau Zarambo mwenyewe alikuwa na kazi gani? Miaka yote hii nchi nzima imemshangilia mlinzi wa getini.

Kama umekonda, tuma hivyo hivyo. Kama umeota mvi, au umepata kovu, au macho yamekuwa mekundu kwa kukesha, ndivyo ulivyo na ndivyo atakavyokuwa. Sikuombi uje, ingawa Mama anakuomba. Sikuombi maelezo. Naomba picha ya uso wako kabla ya mwisho wa mwezi. Mpe dereva, anapita tena hapo getini siku ya Alhamisi akirudi. Nimechoka kukuhurumia na kukukasirikia kwa wakati mmoja, na sitaki kufungua lile toleo uzeeni nikakuta uso wa mtu nisiyemjua umekaa juu ya mabega yako, unapigiwa saluti yako.

Mama anakusalimu, anasema uvae soksi nzito. Binamu anakusalimu, hajajisamehe kumfungulia Mkwe mlango, mwandikie neno ukiweza. Mpiga chapa anakusalimu sana, huja kila Jumapili kukaa na paka. Msalimie na mwenzako wa zamu, kama unaye.

Mungu akulinde wewe unayelinda mali za watu, akufikishe asubuhi kila usiku, na atukutanishe tungali na macho ya kuonana.

Mimi dada yako, ninayekupenda hata nikiwa nimenuna.

Tena: ukipiga picha, vua kofia. Kaka ameichora mkononi mwako.