Shemeji Anataka Niitoe Kadi ya Ukaguzi Kabla ya Sabato

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako, kwa maana jambo hili siwezi kumwuliza mtu yeyote hapa Nairobi.

Mimi ni mtu wa Nyansiongo, niliacha shule darasa la tano, na kazi yangu ni kubeba masanduku ya kadi zenye matundu zinazolishwa kompyuta, mashine inayojaza chumba kizima, na shemeji yangu Thadeus, aliyeniingiza kazini, ndiye anayeiendesha. Mgongo umechoka lakini huwa nauliza maswali, naye alinieleza kwamba ndani kuna programu kuu inayogawia kila kazi nafasi yake ya kumbukumbu, na programu hiyo hukaguliwa mara mbili, kwanza inapotafsiriwa kuwa lugha ya mashine, halafu tena ikiwa inafanya kazi, isije kazi moja ikaandika juu ya nafasi ya nyingine. Ukaguzi wa pili huwashwa na kadi moja ya manjano, nao huchelewesha mashine. Sisi ni Wasabato, Sabato yetu huanza Ijumaa jua likitua, na Ijumaa iliyopita lilikuwa karibu kutua, Thadeus akaitoa kadi hiyo. Tukamaliza mapema. Nikamwuliza, "Shemeji, hakuna hatari?" Akacheka. "Programu ilikaguliwa asubuhi, ikapita. Wewe ukioga asubuhi, unaoga tena njiani?"

Sasa Ijumaa ya mwisho wa mwezi anataka niitoe mimi, na siku hiyo mashine itashika pamoja orodha ya mbolea na alama za mtihani wa darasa la saba, na binti yangu Bitutu ameufanya. Nikikataa nitafukuzwa? Na kweli ukaguzi wa kwanza hautoshi?

Onchiri, Nairobi, 1975

Onchiri,

Hautoshi. Nimemwuliza mhandisi mmoja, naye amekusifu kwa kuuliza. Mashine inapotafsiri huona yaliyoandikwa tu. Programu yenye nafasi mia ikiomba waziwazi nafasi ya mia na moja, itakataliwa. Lakini namba hiyo ikiletwa na kadi ya orodha ya mbolea kazi ikiendelea, nani angeijua asubuhi? Mashamba ya wazungu huko kwenu yalipogawanywa, mipaka ilikaguliwa ofisini kwenye ramani. Bado mliweka ua, kwa sababu ng'ombe hasomi ramani.

Lakini wewe nawe! Uliona kadi inatolewa, ukauliza mara moja ukaishia hapo, ukashika kalamu alipoguswa mtoto wako. Kazi za Ijumaa iliyopita zilikuwa za watoto wa nani?

Mwambie shemeji yako kwa heshima, mkiwa wawili tu: kazi ianze Alhamisi, kadi ibaki. Sabato haikumwagiza kukimbiza mashine. Akikataa, nenda kwa msimamizi kabla mashine haijawashwa, na umweleze pia ya Ijumaa ile, ili kazi irudiwe. Unaweza kufukuzwa, sikufichi. Ila orodha ya mbolea ikiandikwa juu ya alama, hakuna atakayejua zilikuwa ngapi. Bitutu ataambiwa ameanguka, naye ataamini.