Niliyoyajua Kuhusu Mashine ya Baba

Kisiwa cha Ogobdub,
Guna Yala, Panama.
Jumapili, 13 Mei 2012.

Mpendwa kaka Aurelio,

Nakusalimu kwa mapenzi mengi, wewe na wote wa nyumba ya mkweo. Hali yako huko Colón? Shemeji Maribel hajambo? Na mtoto, kile kikohozi kimekwisha? Sisi huku hatujambo. Bibi goti bado linamsumbua mvua ikikaribia, ila ulimi wake mzima kabisa, anatukemea kama ulivyomwacha.

Shuleni naendelea vizuri. Mwalimu amenipa ufunguo wa kabati la vitabu, na hilo limenifurahisha kuliko alama zangu.

Habari ya kuolewa kwa dada Nagiryai ulishaipata. Mumewe anaitwa Belisario, na kama wewe ulivyohamia kwa mkweo, naye amehamia kwetu. Anakata kuni, anachuma nazi za Baba, anavua. Ni mchapakazi, siwezi kumsingizia. Lakini kaka, tangu ulipoondoka mimi ndiye niliyekuwa naketi nyuma ya mtumbwi na Baba. Sasa anaketi yeye. Baba anamwita “mwanangu”. Mimi ananiita “huyu wa vitabu”.

Mwezi uliopita Baba alinunua mashine ya mtumbwi kutoka kwa Wakolombia wanaokuja kuchukua nazi. Ni mtumba, nguvu za farasi kumi na tano, ile ya kuchanganyia oili kwenye petroli. Inawaka vizuri, inakwenda dakika kumi, halafu inakohoa na kuzimika.

Jumatatu ilizimika karibu na gati, watu wakiona. Belisario akakunja suruali. “Baba, usihangaike, hii ni plagi tu.” Akaifungua, akaipiga msasa, akafungua na tangi akanusa petroli, akafunga, akavuta kamba. Ikanguruma. Watoto wakapiga kelele, na Baba akacheka mpaka akashika mbavu. “Mnaona? Nyumba hii sasa imepata mwanamume!” Mimi nilikuwa nimesimama hapo hapo, spana mkononi.

Haikufika mbali, ikazimika tena.

Mchana ule nilichukua kitabu cha maelekezo kilichokuja na mashine, kimelowa oili na hakuna aliyekigusa. Kimeandika wazi. Petroli ikitoka kwenye tangi, lazima hewa iingie kushika nafasi yake. Ndiyo maana kwenye kifuniko kuna skrubu ndogo ya kulegeza kabla ya safari. Ikiwa imekazwa, mashine inafyonza mpaka inashindwa, inakufa kwa kiu na tangi limejaa. Dalili yake ni ule mpira wa kuminyia mafuta, ulio kwenye bomba la tangi, kubonyea.

Nikaenda kutazama. Mpira ulikuwa umebonyea kama embe lililooza. Skrubu imekazwa kweli kweli.

Nilijua pia nani aliyeikaza. Mama ndiye anayeteka maji mtoni, kule bara, kwa mtumbwi huo, na kila akipanga madumu ya maji anaikaza kwa nguvu zake zote, petroli isije ikarukia maji ya kunywa. Belisario hakuwa na njia ya kujua. Kwao wanatumbukiza bomba kwenye dumu lililo wazi, basi. Na kila alipofungua kifuniko kunusa, hewa iliingia, mashine ikafufuka, akadhani ni plagi. Jumanne akadhani ni kabureta.

Jumatano aliniita mbele ya watu, mikono myeusi hadi viwiko. “Ee Profesa! Hebu tuambie, kitabu chako kinasemaje?”

Watu wakacheka, Baba naye. Nikajibu, “Hakuna kitu humo.”

Nilisema uongo, kaka. Nilitaka ashindwe. Nilitaka Baba amwone akivuta kamba ile mpaka jasho limwishe.

Alhamisi Belisario alimpeleka Mama na Nagiryai kuteka maji. Wakati wa kurudi, mashine ikazimika kwenye mlango wa mwamba, ule upenyo kati ya matumbawe, pale mkondo unapovuta. Tuliwaona kutoka gatini. Mama anakumba maji kwa kibuyu, Nagiryai ameshika madumu, Belisario anapiga kasia peke yake na mtumbwi hausogei. Baba alikimbia huku na huku gatini akitafuta mtumbwi. Mingine yote ilikuwa imekwenda bara, mashambani. Walitumia saa nzima kuvuka umbali wa kurusha jiwe tu.

Walipofika, Baba alisema mashine anairudisha kwa Wakolombia. Belisario akainamisha kichwa. “Nimeshindwa, Baba.”

Hicho ndicho nilichokuwa nikikitaka. Lakini Nagiryai alikuwa anamfunga viganja kwa kitambaa cha kichwa chake, na kitambaa kilikuwa kinabadilika rangi.

Nikaingia mtumbwini, nikailegeza skrubu. Tangi likavuta pumzi, fyuuu. Nikaminya mpira, nikavuta kamba, ikawaka. Hakuna aliyeshangilia.

“Ulijua tangu lini?” Baba akauliza.

“Jumatatu.”

“Mashine ina ubovu wake,” Baba akasema, “lakini haikunificha kitu.” Akaondoka.

Mama akakamua sketi yake. “Skrubu nilikaza mimi. Kama ni kusema watu, mniseme na mimi.”

Belisario akanionyesha viganja. “Profesa, siku nyingine nitukane tu. Mikono yangu itakushukuru.” Akacheka, tena kicheko cha kweli.

Nilitamani anipige. Hata katika kusamehe amenishinda, na watu wameona.

Leo ni siku ya tatu Baba hajaniambia neno ila “pokea” na “leta”. Kila asubuhi nawahi gatini kulegeza skrubu, na Mama akipakia maji anaikaza tena, ila sasa Belisario huilegeza kabla ya kuvuta kamba. Wivu haujaniisha, sitakudanganya. Baba akiita “mwanangu” bado nageuka mimi.

Kaka, huko kwa mkweo yuko Eliécer, mdogo wake shemeji Maribel, ni rika langu. Ulipoingia nyumba ile uliketi mahali pake, na pengine hakuna aliyemwambia kitu. Ukimwona kimya sana, usidhani hana la kusema. Muulize, ila mkiwa wawili tu, si mbele ya watu.

Msalimie sana shemeji Maribel, mbusu mtoto, na mheshimiwa mkweo mwambie tunamkumbuka. Bibi anasema ule vizuri. Mungu akulinde barabarani na kazini.

Mdogo wako akupendaye bila kukuficha kitu,

Igwandi