Nimekuja Kumwona Arike

Lagos, 4 Machi 1987

Kaka Ajibade,

Nakupigia magoti kutoka mbali. Mgongo unaendeleaje, na wifi ameacha kukohoa? Mimi nimefika salama, miguu tu imevimba.

Jiji hili halina nafasi ya kupiga magoti. Asubuhi ya kwanza nilisalimia watu kama tunavyosalimiana kwetu Ikole, mmoja mmoja, nikiuliza na habari za shamba. Jua likapanda bado sijafika mwisho wa kichochoro. Nilipompigia goti bibi mmoja, umati ulinipita kama maji yanavyopita jiwe. Msukuma mkokoteni akafoka, "Mama, inuka, salamu zako zitakuua." Bibi mwenyewe akacheka: "Huyu kashuka kutoka vijijini Ekiti leo hii."

Sasa nasalimia nikitembea. Nyumba zimepandana, na kelele ina kelele nyingine ndani yake. Arike alinisimulia haya yote Krismasi iliyopita, nikadhani anatia chumvi. Nalala chumbani kwa rafiki yake, Mama Bose.

Ulidhani nimekuja kuchukua nguo za Arike tu. Nimekuja kuliona kaburi la mwanangu.

Mdogo wako,
Ibidun

Ikole, 11 Machi 1987

Mdogo wangu Ibidun,

Huku tunaamka. Wifi yako bado anakohoa.

Barua yako nimeisoma, nikaikunja, nikaisoma tena. Tangu lini mzazi akaona kaburi la mtoto? Mama yetu alifiwa na wawili, akaondoka duniani bila kujua walipolazwa. Ndiyo maana wenzake Arike walimzika huko huko, sisi tukabaki ndani. Mzazi akilitazama kaburi hilo, anakionyesha kifo njia ya kurudia. Una Kunle bado, mwanao aliyebaki.

Chukua nguo, panda gari, urudi. Ukiliona kaburi, mlango wa nyumba ya baba usiupite.

Kaka yako,
Ajibade

Lagos, 19 Machi 1987

Kaka Ajibade,

Pole kwa wifi. Mchemshie tangawizi, asikudanganye kwamba amekunywa.

Unasema mama hakujua. Ulikuwa Ibadan kazini, mimi ndiye niliyebaki naye. Hadi mwisho aliwaita wale wawili waje kula, kama watu waliochelewa shambani. Mimi sitaita hivyo. Na Kunle ana ndevu, nilimuuliza kabla sijaondoka, akasema, "Mama, nenda."

Kila siku niko sokoni, kwenye meza ya vitambaa ya Arike. Wanawake wa hapa wanauza, wanatukanana na kunyonyesha kwa pumzi moja. Ila nikiuliza kaburi, kila mmoja anaanza kukunja vitambaa.

"Mama Arike, kula kwanza."

"Nimekula. Yuko wapi?"

"Tutakupa nguo zake, na nauli. Hilo hatuna mdomo wa kulisema."

Mama mkuu wa soko akaniambia wakinionyesha watakuwa wamenilaani. Nikamjibu kwamba nitakaa kwenye meza hii mpaka mmoja wao achoke. Jiji zima halijui kunyamaza, isipokuwa kwa hili.

Mdogo wako,
Ibidun

Lagos, 8 Aprili 1987

Kaka Ajibade,

Hukujibu. Naomba iwe ni mgongo tu.

Aliyechoka ni Sikirat, wa meza ya mbele, aliyegombana na Arike miaka yote kwa ajili ya mahali pa kutundika vitambaa. Alinijia mikono kiunoni. "Wewe mama, mwanao alikuwa hivi hivi, akikaa haondoki. Mimi sikumpenda, kwa hiyo siwezi kukuonea huruma kama hawa. Twende."

Makaburini nako ni Lagos. Wamebanana bega kwa bega, watu wanakatisha na mizigo kichwani, mmoja ameanika shuka. Sikirat alionyesha kwa kidole, kisha akageuka. "Mimi sikuja hapa."

Nililiona, Kaka. Ni tuta la udongo na kibao chenye jina lake. Niling'oa majani. Unakumbuka alivyokataa kusukwa nywele mpaka umwite kwa majina yake yote ya sifa? Nilimwita yote, kwa sauti. Watu waligeuka, wakaendelea na safari zao. Sikuanguka. Sikulaaniwa. Usiku ule nililala.

Narudi Jumamosi baada ya Pasaka, na nitapita mlango wa baba. Ukiwa umefungwa, nitakaa barazani. Kila apitaye ataniuliza kulikoni, nami nitamwambia.

Mdogo wako,
Ibidun

Ikole, 16 Aprili 1987

Ibidun,

Kunle mzima. Jana amekula hapa, akamaliza nyama yote.

Mlango utakuwa wazi. Wazee watakuwepo, na mbele yao nitakukaripia. Najua hutanyamaza.

Wakishaondoka tutabaki wawili. Uniambie kama pale alipolala pana kivuli.

Kaka yako,
Ajibade