Titi la Kulia na Mti wa Mashine

Jumatatu, 6 Oktoba
Tumekamua mawese tangu asubuhi. Ngazi za michikichi kutoka Kizuka zimejaa mafuta. Mama Furaha upande wake, mimi wangu, tunazunguka tukisukuma mti wa mashine kwa mikono na kifua. Yeye ni Mukongomani wa Uvira, anaimba nyimbo za kanisa lake mpaka mimi Mwislamu nazijua zote. Nimesukuma kwa bega la kushoto. Mti huu ndio ulionionyesha uvimbe mwezi uliopita: uligusa titi la kulia, nikaruka. Majibu ya vipimo keshokutwa, Bujumbura. Nimekula vizuri. Bugali na ndagala za ziwani.

Jumatano, 8 Oktoba
Ni kansa. Ndogo, imewahiwa.

Daktari, binti mdogo kuliko wanangu, amenichorea titi kwenye karatasi. Njia mbili. Kukata lote, hapa hapa Bujumbura. Au kutoa uvimbe tu, titi libaki, halafu mionzi wiki kadhaa, na mionzi haipo hapa, ni kuvuka mpaka. Kwa ugonjwa wangu, amesema, kupona ni sawasawa kwa zote mbili. Kisha: "Mama, wewe unataka nini?" Nikakasirika. Nimekuja ili aniambie yeye!

Ndani ya basi la kurudi Rumonge niliogopa mpaka Minago. Baada ya Minago nikasinzia.

Alhamisi, 9 Oktoba
Nimemwambia mume wangu, Baba Saidi. Akatengeneza nyavu zake muda mrefu. Halafu: "Wakate. Mimi nataka wewe, si titi." Maneno mazuri. Lakini ni langu! Limenyonyesha watano.

Nimemwambia na dada Mwajuma, nikamwapisha asiseme. Nimempa fisi bucha.

Jumamosi, 11 Oktoba
Aibu na kicheko. Niko kwenye mashine, mikono myekundu, wanawake wa mtaa hao wanaingia uani. Masufuria makubwa, mikeka, kanga za msibani. Mwajuma mbele, analia. Nikapaza sauti: "Nani amekufa?" Mmoja akasema, "Mbona iko mzima!" Siri ilizunguka mtaa ikamrudia Mwajuma kuwa msiba: walikuja kukaa matanga yangu, na mimi nipo! Mama Furaha amecheka mpaka akakaa chini.

Mchele ulishaoshwa, tukapika. Kila mtu na hukumu yake: kata, usikate, kunywa majani. Nimekula pilau ya matanga yangu mwenyewe. Tamu sana. Katikati ya kula nikajua: nataka titi langu. Si kwa ajili ya mume. Nimelizoea tu.

Jumapili, 12 Oktoba
Nimegeuza nia. Wiki zote hizo ugenini, mimi ambaye sijawahi kulala mbali na Rumonge! Na msimu ndio umeanza. Wakate, yaishe.

Nimelia jikoni. Nimewaambia ni moshi.

Jumanne, 14 Oktoba
Mama Furaha amesimamisha mashine katikati ya wimbo. "Mama Saidi, mimi nilivuka mpaka na watoto watatu na sufuria moja. Weye unavuka kwa basi, na barua ya dokta. Unaogopa nini?"

Nimempigia daktari. Uvimbe tu, na mionzi. Mkono wa kulia hautasukuma kwa muda, amesema. Mama Furaha ataangalia mashine. Baba Saidi amenuna saa nzima, kisha akauliza kama huko kuna baridi.

Nimefurahi. Ndiyo, nimefurahi.

Jumapili, 19 Oktoba
Kesho Bujumbura. Begi iko tayari, na sweta mbili alizonunua Baba Saidi. Mbili!

Asubuhi nimekwenda kuaga mashine, upuuzi wangu. Upande wangu wa mti umeviringishwa sponji ya godoro, na juu yake kitenge. Kamba imekazwa kwa fundo la nyavu. Nalijua fundo lile, miaka thelathini nalala nalo nyumba moja.

Nimeegemeza kifua pale, taratibu. Mti haukuniumiza. Nikarudi kumchemshia Baba Saidi chai.