Shamba Lisilochumwa Pondu

Kabondo, 12 Machi 2023

Mama mpenzi,

Habari za hapo Ubundu? Mgongo umepata nafuu? Mimi mzima, ila nimekonda kidogo. Bon, juzi mwalimu wetu wa kilimo, Benoît, alitupeleka shamba la shule. Mihogo iliyochumwa majani ya pondu kila wiki imezaa vijizizi tu. Ile iliyoachiwa majani imezaa karibu mara mbili, maana jani ndilo linalolisha mzizi. Tafadhali mama, shamba jipya usilichume, wala usimruhusu mtu, mpaka mavuno. Sitaki ulale njaa tena kama mwaka jana.

Binti yako, Sara

Ubundu, 2 Aprili 2023

Mwanangu Sara,

Kula, usikonde. Barua nimeipata kwa Idrissa wa treni. Mgongo uko vilevile.

Hapa mtu akikosa mboga huingia shamba la mwenzake, akachuma, akapita kusalimu. Hata mimi. Sasa tantine Madina, mke wa mjomba wako, nitamwambia nini? Lakini nimekusomesha ili unifundishe kitu, donc nitajaribu.

Mama yako

Kabondo, 20 Agosti 2023

Mama,

U mzima kweli? Mbona kimya? Idrissa anasema mihogo imekupita urefu, na kwamba ulimtoa tantine shambani mbele ya watu. Pole, lakini umefanya vizuri. Akiona mavuno atakuelewa.

Binti yako

Ubundu, 28 Februari 2024

Sara mwanangu,

Natumaini uko salama na masomo yanaendelea. Mwambie mwalimu amesema kweli: shina moja linajaza kikapu. Sijawahi kuvuna hivi.

Nimevuna peke yangu. Miaka yote nikianza kung'oa, wanawake huja bila kuitwa. Safari hii walipita na majembe yao, wakanisalimu, wakaenda. Siku ile ya Agosti nilipomtoa shambani, Madina aliniambia: “Kama pondu iko ya weye peke yako, basi na kazi iko ya weye peke yako.” Nilidhani ni hasira tu.

Mgongo umekataa. Mihogo iliyobaki ardhini panya wanaila. Imeniuma, siwezi kukuficha.

Jana nilimpelekea Madina kikapu cha mihogo, na pondu juu yake. Alipokea kwa mikono miwili, akashukuru vizuri. Hakuniambia nikae.

Mama yako