Senene, La

Jumanne, baada ya chakula

Hilo neno dogo la mwisho ndilo linaloniumiza. Koku binti yangu alipoweka senene zetu, panzi wa kukaanga tunaouza, mtandaoni, alichagua anwani ya "senene.la". Akanieleza, "Ma, la ni ya kula. Dot com kila mtu anayo." Tukaichapisha kwenye lebo zote.

Leo nimepeleka pakiti mtaa wa Hamugembe, dukani kwa Bi Zuhura. Akasoma kwa sauti: "Senene, la! Mama Koku, mbona unawakataza watu?" Mteja mmoja akasema, "Kama senene ni la, basi nipe karanga." Wakacheka. Bi Zuhura akazirudisha zote kwenye kikapu changu.

Mimi niliishia darasa la nne, lakini hata mimi ningeliona kosa hilo. Siku ile ya kuchagua anwani sikutazama maandishi, nilikuwa namtazama Koku usoni, alivyofurahi.

Jioni ameniuliza, "Bi Zuhura amesemaje?" Nimemdanganya kwamba sikumkuta. Naye akasema, "Basi kesho nitaenda mwenyewe."

Waitu, jamani, nitaanzaje... Lazima nimwambie kabla hajavaa viatu. Heri alie hapa kwangu kuliko achekwe kule peke yake.